Mahari Ndani ya Boksi Lisilo Lake

"Dada, tunaomba kuona laptop ndogo. Nyepesi."

Nilikuwa nimeinama chini ya meza nikitafuta waya wa chaji, nikaacha palepale. Ile sauti! Ungenizika ukanifukua baada ya miaka kumi, bado ningeijua. Nikainuka taratibu nikimwomba Mungu masikio yangu yawe yamenidanganya. Wapi! Alikuwa Latifu mwenyewe, kanyoa vizuri, shati limepigwa pasi. Na nyuma yake, mtandio wa njano kichwani na mkoba kwapani, alisimama mama yake, Bi Biubwa. Mwanamke niliyemshitaki kwa Mungu kila nilipopiga sijda, miaka mitatu mfululizo.

"Hajira?" Latifu alitaja jina langu kwa sauti ndogo.

"Karibuni," nikasema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliitikia kwa puani, akanipandisha na kunishusha. "Kumbe ndiyo uko huku Misugusugu. Mzenga ilikushinda?"

"Kazi ni kazi, mama."

"Haya. Kila mtu na riziki yake."

Msinione nina roho mbaya. Kwanza mjue walichonitenda. Miaka mitatu iliyopita Latifu alileta barua ya posa kwetu Mzenga. Nilimpenda yule kijana mpaka chakula kilikuwa hakipiti. Nilipoulizwa mahari yangu nikataja Msahafu na mswala, basi. Nilitaka anioe hata kama ana kanzu moja tu. Bi Biubwa aliposikia, akacheka barazani kwetu, mbele ya baba yangu Mzee Pazi na wazee wote, akasema: "Mwanamke anayejitaja bei ya kutupa ana kasoro. Kitu kizima hakiuzwi hivyo. Huyu ana la kuficha."

Baba akamgeukia Latifu. "Kijana, na wewe unasemaje?"

Baraza zima lilimsubiri. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kucha nimezizamisha viganjani, nikimwomba aseme neno moja tu. Mwanamume niliyemjua kwa maneno matamu usiku na mchana, siku hiyo aliangalia vidole vya miguu yake. Hakusema kitu. Barua ikarudishwa. Kijiji kikapata cha kutafuna: mara nimewahi kutoa mimba, mara nina maradhi. Baba yangu aliacha kwenda msikitini akawa anaswali chumbani, kwa aibu ya jambo ambalo halikuwepo. Tangu hapo nilikuwa na haja moja duniani. Nilitaka yule mama aaibike mbele ya watu kama alivyoniaibisha, na jina langu lisafishwe na ulimi uleule uliokataa kulitetea.

Na sasa Mungu amewaleta mpaka mezani kwangu.

"Ni ya kutumia nani?" niliuliza.

Latifu alifungua mdomo, mama yake akamuwahi. "Ya mahari!" Sauti aliipandisha ili nisipoteze hata neno. "Mwanangu anaoa Kisarawe. Firdausi, mwalimu wa sekondari, anasoma tena na digrii ya pili. Mtoto anayejua thamani yake. Kataja kompyuta ndogo, nyepesi, inayokaa na chaji kutwa, kwa sababu umeme wenyewe mnaujua."

"Hongereni," nikasema.

Nikaweka mbili mezani. Zote za rangi ya fedha, zote ndogo za kuingia kwenye mkoba wa mwanamke. Kwa mbali ungesema mapacha.

"Hii ni laki saba," nikaeleza. "Ganda la plastiki limepakwa rangi. Ni ya kuandikia barua na kuangalia video. Chaji ni saa nne, tano ukiibembeleza. Hii nyingine ni milioni mbili na laki sita. Ganda la bati gumu, kilo moja haifiki, chaji kutwa nzima. Anayesoma digrii, mafaili ishirini yakiwa wazi kwa pamoja, hii haitamsumbua."

Bi Biubwa alizishika zote mbili, akazigeuza kama anachagua papai. "Zote si zinafunguka?"

"Zinafunguka, mama."

"Zote si nyeupe hivi? Ukubwa si mmoja? Sasa hiyo milioni na kitu iko wapi, tumboni?"

"Ndiyo, mama. Iko tumboni."

Latifu alitabasamu kidogo, na tabasamu lile likanichoma maana nililijua lilivyo. Akaninyanyulia macho. Yalikuwa yaleyale, ya mtu anayeomba radhi bila kusema. "Hajira, wewe ungechagua ipi?"

"Mimi?" Nikamkazia macho mpaka akapepesa. "Mimi sina uzoefu wa kuchagua vizuri."

Mama akakohoa. Latifu akaisukuma ile ya bei kubwa upande wangu.

"Nachukua hii. Firdausi anastahili."

Anastahili! Niliandika risiti huku herufi zikinicheza mbele ya macho. Alinunua kwa pesa yake, pesa ya kudamka na treni ya Soga kila asubuhi kwenda ofisini Dar. Nikaitia laptop kwenye boksi lake, nikabandika juu stika ya duka yenye namba yangu ya simu, nikamkabidhi. Vidole vyetu viligusana. Nilivuta mkono haraka, kisha nikajichukia kwa kuuvuta.

Walipotoka nikaingia stoo. Nililia kama mtoto, nikanawa, nikarudi kuuza.

Siku ya tatu yake Bi Biubwa akarudi, peke yake. Alikuwa na kifurushi cha kanga. Akakifungua juu ya meza na ndani mlikuwa na ile laptop ya bei kubwa, bila boksi.

"Mwanangu, naomba unibadilishie," akasema. Mwanangu! Tangu lini? "Nipe ile ya laki saba. Inayobaki unirudishie. Shughuli ina mambo mengi, maturubai, sare, wapishi. Pesa yote hiyo kuifungia kwenye kidude kimoja ni ujinga."

"Latifu anajua?"

"Mambo ya mahari ni ya wazazi. Yeye ana kazi."

"Na boksi, mama?"

Akanitazama kidogo, akaangalia pembeni. "Boksi limebaki nyumbani. Halina kazi."

Nikaelewa palepale. Boksi la ile ghali ndilo litakalovalishwa ile rahisi. Watu wa Kisarawe wataona picha nje, wataona rangi ya fedha ndani, watapiga vigelegele.

Ningeweza kukataa. Nasema kweli, maneno yalishafika mdomoni: mama, usifanye hivi. Nikayameza. Damu ilikuwa inanichemka kwa furaha mbaya. Duka letu linaruhusu kubadilisha ndani ya siku saba, basi nikabadilisha, nikamrudishia pesa iliyobaki. Nikaandika karatasi ya mabadiliko: kilichorudi, kilichotoka, tarehe, jina. Nikamwambia aweke sahihi, akaweka kwa haraka akihofia nisije nikaghairi. Akatoka na kifurushi chake kwapani.

"Nenda," nikamwambia mgongo wake. "Nenda, mama. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Alikuwa na akili, lakini kosa moja alilifanya. Aliling'ang'ania lile boksi na akasahau kuwa juu yake kuna namba yangu.

Simu iliita Ijumaa, saa kumi jioni.

"Wewe ndiye mwenye namba hii ya kwenye boksi?" Mama mtu mzima, sauti nzito ya mtu asiyependa kuzungushwa.

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Mimi Bi Mwanne, naongea toka Kisarawe. Kwetu, mama, mahari haipokelewi siku hiyohiyo. Inaletwa, inalala. Asubuhi inakaguliwa na anayekijua kitu chenyewe. Ikiwa dhahabu tunamwita sonara, ikiwa ng'ombe tunamwita mfugaji. Sasa mtoto wa kaka yangu kataja kompyuta, na mimi kompyuta siijui mkia wala kichwa. Unaweza kufika kesho tukakulipa jasho lako?"

Nilikaa kwenye kiti. Nilicheka peke yangu, nikacheka mpaka nikakiogopa kicheko changu.

"Nitafika, shangazi. Wala msinilipe."

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa Kisarawe. Nilivaa baibui jipya, nikajifukiza udi. Niliipiga pasi mpaka ile karatasi ya mabadiliko kabla ya kuitia mkobani. Sikutaka hata kunyanzi moja.

Nje ya nyumba niliona gari, Latifu kakaa ndani. Bwana harusi haingii siku mahari inapokaguliwa, anasubiri aitwe. Hakuniona. Nilimtazama kidogo shingoni, pale nywele zinapoishia, na roho ikanisaliti kwa nukta moja. Nikaikemea. Nikaingia.

Sebuleni palikuwa na mkeka, kahawa na sinia la tende. Bi Mwanne alikuwa amekaa katikati, mnene, macho makali. Upande wa pili mshenga wao, Mzee Shabani, na pembeni yake Bi Biubwa na mtandio wake wa njano. Aliponiona kikombe kilimgonga meno.

"Huyu... huyu kaja kufanya nini?"

"Huyu ndiye fundi," Bi Mwanne akasema. "Kwani mnajuana?"

"Mteja wetu, shangazi," nikawahi mimi. "Shikamoo, mama."

Marahaba haikutoka.

Firdausi akaletwa akakaa karibu na shangazi yake. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilitaka awe na maringo, awe na kiburi cha usomi. Alikuwa binti mweusi mtulivu, kajifunga kanga, kidole kina wino mwekundu wa kusahihishia madaftari. Akanisogezea mto nikae vizuri. "Pole na safari, dada. Asante kwa kuja." Nikashindwa kumchukia, na hilo nalo likaniudhi.

Nikafungua boksi. Nikaitoa laptop, nikaipima kwa mkono, nikaigonga ganda kwa ukucha. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia, tukasubiri. Tukasubiri tena. Bi Mwanne alimaliza kikombe chake cha kahawa akamiminiwa kingine, ndipo kioo kikaamka.

"Ndivyo zilivyo?" akauliza.

"Hapana, shangazi. Hii ndivyo ilivyo." Nikaiweka katikati ya mkeka watu wote waione. "Boksi hili ni la laptop ya milioni mbili na laki sita. Kilichomo ndani ni cha laki saba. Huyu mwalimu akifungua mafaili yake matano itamganda mikononi, na umeme ukikatika saa tisa, saa mbili usiku yuko gizani."

"Eeh!" Mwanamke mmoja mlangoni akashika kifua.

Mzee Shabani alivua kofia akaivaa tena. Bi Mwanne hakupandisha sauti. "Biubwa, umesikia?"

"Nimesikia uongo!" Bi Biubwa alishasimama. "Zote zinafunguka! Zote za rangi moja! Kompyuta ni kompyuta!"

Hapo ndipo nilipopasubiri miaka mitatu. Nilisimama na mimi, tukatazamana.

"Mama, kuna siku ulitufundisha barazani kwetu, mbele ya baba yangu, kuwa kitu kizima hakiuzwi bei ya kutupa. Ulisema cha bei ya kutupa kina kasoro. Sasa leo cha kutupa umekileta wewe, tena umekivika nguo ya mwenziwe ili watu wasikijue. Mwenye la kuficha nani?"

Uso ulimwiva. Midomo ikamtetema. Wallahi nilifurahi! Nilisikia utamu mpaka kwenye vidole vya miguu. Nikatoa karatasi mkobani nikampa Bi Mwanne, naye akampa Firdausi aisome. Firdausi akaisoma kwa sauti ya darasani, neno kwa neno, mpaka kwenye sahihi.

"Alinisainisha tu!" Bi Biubwa akapiga kelele. "Sikuwa na miwani! Wezi hawa! Mwanangu kalipa pesa kamili, hawa wametubadilishia huko dukani. Na huyu binti namjua tangu zamani, ana kasoro huyu, ana kisirani! Mwiteni mwanangu awaambie!"

"Aitwe," Firdausi akasema.

Latifu akaingia, viatu mkononi. Akaona laptop mkekani. Akamwona mama yake kasimama anahema. Akaniona mimi. Firdausi akamwonyesha ile karatasi, sahihi ya mama yake chini.

"Latifu," Firdausi akasema, "ulinunua ipi?"

"Sema, mwanangu!" Bi Biubwa akamshika mkono. "Sema duka limetuibia. Waambie!"

Sebule nzima ikamgeukia. Mimi nilijua kitakachofuata. Niliwahi kukiona. Ataangalia vidole vya miguu yake, atanyamaza, na mimi nitabaki mwizi kama nilivyobaki mwenye kasoro. Nikatazama chini kabla yake nisione.

"Mama, inatosha."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Inatosha, mama." Alikuwa ameutoa mkono wa mama yake mkononi mwake, polepole, bila kumvunjia adabu. "Firdausi, nililipia ile uliyoitaja. Jana niliona boksi, sikulifungua, hilo ni kosa langu. Lakini duka halijaiba kitu. Hajira hawezi kuiba. Mama amebadilisha, na mimi sitakaa kimya mtu akisingiziwa kwenye ndoa yangu. Shangazi, Mzee Shabani, naomba radhi mbele yenu. Nipeni mpaka Jumatatu, mahari italetwa ileile aliyoitaja. Akinikataa, ni haki yake. Ila nampenda, na nataka ajue kuwa nampenda."

Bi Biubwa alikaa chini kama gunia. Akajifunika uso na mtandio, akaanza kulia kilio cha kweli, mabega yakimruka. Mzee Shabani akasema "Subhanallah" mara mbili. Bi Mwanne alimtazama kijana, kisha akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimepata kila kitu. Mama yake kaaibika mbele ya watu. Jina langu limesafishwa, na yeye mwenyewe kalisafisha. Basi mbona ule utamu ulikuwa umeniisha? Ulimi alikuwa nao. Siku zote alikuwa nao! Hakuwa bubu, hakuwa mwoga wa mama yake kama nilivyojidanganya miaka yote nikimtetea moyoni. Siku ile kwetu angeweza kusema maneno mawili tu. Hakuona kama mimi naistahili hiyo shida.

"Shangazi, kazi yangu imeisha," nikasema.

"Usiondoke bila chakula, mama."

"Dukani hakuna mtu."

Nikatoka. Nikakaa kwenye ngazi nivae viatu. Nyuma yangu nikasikia nyayo. Firdausi, miguu mitupu, karatasi yangu bado mkononi mwake.

"Dada Hajira."

"Abee."

"Jina lako hukunitajia wewe. Kalitaja yeye, na kalitaja kama mtu aliyezoea kulitaja." Akaikunja karatasi. "Na yale ya barazani kwa baba yako, nimeyasikia. Mlikuwa na nini, wewe na Latifu?"

Nilimtazama. Nilikuwa na maneno ya kutosha kuibomoa ile nyumba. Barua ya posa, Msahafu na mswala, baba yangu anaswali chumbani. Angeyaamini yote, kwa sababu yote ni kweli. Lakini kwa nini nimsaidie Latifu kazi hiyo?

"Kamuulize mwenyewe," nikasema. "Muulize alinyamaza siku gani, na alinyamaza kwa nini. Na umuulize sasa hivi, mdogo wangu, maana leo anaweza kusema."

Kisha akageuka, akaingia ndani, na nikamsikia akisema kwa sauti ileile ya darasani, "Latifu, kaa chini."

Kiatu cha kushoto nilikuwa nimeshakifunga. Nikakifungua, nikaanza kukifunga upya, taratibu, masikio yangu yote yakiwa ndani.